Isome Barabara Kabla ya Kutaja Jina

Mvua ya masika inapoanza kunyesha Mau Narok na wakulima wakawa mashambani na mbegu za viazi, Ulaya nako huwa ni majira ya kuchipua, na msimu wa mbio kubwa za baiskeli za siku moja huwa umefika. Milan–San Remo huja kwanza, mwezi wa Machi. Gent–Wevelgem na mbio za Flanders hufuata kule Ubelgiji, halafu Paris–Roubaix na barabara zake za mawe, kisha Amstel ya Uholanzi, Flèche Wallonne, na mwisho wa Aprili Liège–Bastogne–Liège. Kwa saa zetu, nyingi huamuliwa jioni, wakati mtu ametoka shambani na simu iko mkononi. Anayezifuatilia akiwa Njoro, Molo au Nakuru mjini huulizwa na wenzake swali lile lile: leo nani? Na karibu kila mara jibu huwa ni jina. Ushauri wangu ni kwamba jina liwe kitu cha mwisho kutajwa. Barabara itangulie, kwa sababu ndiyo inayoamua ni watu wangapi wana nafasi ya kushinda, na asiyejua kama washindani wa kweli ni 4 au ni 40 anabahatisha tu anapomchagua mmoja.

Ushahidi uko katika orodha za washindi. Kuanzia 2017 hadi 2024 Milan–San Remo ilifanyika mara 8 na kila mwaka ilipata mshindi tofauti. Katika hao 8 yumo mpanda milima, Vincenzo Nibali. Yumo mtu wa kufyatuka mita za mwisho, Jasper Philipsen. Yumo pia Matej Mohorič, aliyeshinda 2022 kwa kuthubutu kwenye mteremko ambao wengine waliuogopa. Sasa itazame Liège kuanzia 2021 hadi 2025. Mbio 5, washindi 2 tu: Tadej Pogačar wa Slovenia mara 3 na Remco Evenepoel wa Ubelgiji mara 2. Flanders, kuanzia 2022 hadi 2025, ilipokezanwa na Mathieu van der Poel na Pogačar, kila mmoja mara 2. Wengi wa wanaoshindana katika mbio hizo ni wale wale, na miezi ni ile ile. Kinachobadilika ni njia. San Remo ni ndefu kuliko zote, karibu kilomita 300, lakini mwinuko wake wa mwisho, Poggio, una kilomita 3.7 tu na mwinamo usiofika asilimia 4 kwa wastani. Liège hupanda na kushuka vilima vya Ardennes siku nzima hadi miguu ya wengi ikatae.

Sababu ni hewa. Katika barabara tambarare, kwa kasi ya kilomita 45 kwa saa, nguvu nyingi za mwendeshaji huishia katika kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Aliyejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake huokoa sehemu kubwa ya nguvu hizo, na aliye katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi. Ndiyo maana mtu dhaifu anaweza kufika pamoja na mtu mwenye nguvu, na hata kumpita mwishoni. Barabara inapopanda kwa ukali kasi hushuka, faida ya kujificha hupungua, na kila mtu hubeba uzito wake mwenyewe. Kwa hiyo mwinuko mkali humfunua mwenye nguvu, na tambarare humfunika. Mwinuko mkali ulio karibu na mwisho hupunguza majina. Kama kutoka kilele cha mwisho hadi kwenye utepe kuna kilomita nyingi tambarare, majina huongezeka tena, maana walioachwa wana nafasi ya kuungana na kurudi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliuona ukweli huo karibu na nyumbani mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume hazikuwa za majira ya kuchipua, lakini zilikuwa za siku moja, na njia yake ilikuwa somo tosha: kilomita 267.5, na jumla ya mita 5,475 za kupanda, nyingi zikiwa katika vilima vya mjini vilivyorudiwa mzunguko baada ya mzunguko. Kati ya wanaume 165 walioanza, waliomaliza walikuwa 30. Pogačar alishambulia kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akabaki peke yake kwa kilomita 66 za mwisho, akashinda. Evenepoel akawa wa pili na Ben Healy wa Ireland wa tatu. Aliyeisoma ramani ya Kigali wiki moja kabla angeweza kusema kwa ujasiri kwamba hapo hapakuwa mahali pa kufyatuka kwa kundi, na kwamba orodha ya wanaoweza kushinda haikuzidi vidole vya mikono.

Hapo msomaji makini atanishika. Siku moja kabla, kwenye vilima vile vile vya Kigali, mbio za wanawake zilichukuliwa na Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachache sana walikuwa wamemtaja. Kama barabara hupunguza majina, jina lake lilitoka wapi? Pingamizi hili ni zito na linastahili jibu kamili, kwa kuwa linaonyesha mahali ambapo barabara peke yake haitoshi. Njia ya Kigali iliwachosha wanawake kama ilivyowachosha wanaume, na kundi likapungua vilevile. Lakini waliopewa nafasi kubwa walibaki wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake atumie nguvu kuwafuata waliochomoka, na hakuna timu iliyokuwa tayari kulipa gharama ya kuwarudisha. Vallieres alikuwa mbele, akatumia kusitasita kwao. Kwa hiyo barabara hukuambia ni nani wanaoweza kuwa mbele. Swali la pili, ambalo wabashiri wengi hulisahau, ni nani miongoni mwao analazimika kufukuza, na nani anaweza kukaa tu. Anayelazimika kufukuza yuko hatarini hata akiwa ndiye mwenye nguvu kuliko wote.

Mfano bora wa swali hilo la pili ni ushindi wa Mwafrika. Tarehe 27 Machi 2022, Biniam Girmay wa Eritrea, kijana wa Asmara, alishinda Gent–Wevelgem, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio kubwa za barabara za mawe za Ubelgiji. Wengi waliuita muujiza. Siku mbili kabla, katika mbio za E3 kwenye vilima vya Flanders, timu ya Jumbo-Visma ilikuwa imewaacha wote: Wout van Aert na Christophe Laporte walivuka mstari bega kwa bega. Girmay alikuwa wa tano siku hiyo, na huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba miguu yake iko tayari. Jumapili, baada ya kilima cha Kemmelberg kupandwa mara ya mwisho, Laporte alichomoka akafuatwa na Girmay, Jasper Stuyven na Dries Van Gestel. Van Aert, aliyekuwa tegemeo la wabashiri wengi, alibaki nyuma, na hangeweza kuongoza msako dhidi ya mwenzake wa timu. Timu yenye nguvu kuliko zote ikawa haifukuzi. Wanne wale wakaachiwa barabara, na kati yao Girmay alikuwa na kasi nzuri sana ya mwisho. Alifyatuka mapema kuliko walivyotarajia na Laporte hakuweza kumpita. Mtu aliyeuliza mapema, "kikundi kikichomoka na Laporte ndani yake, nani atakifukuza?" alikuwa nusu ya njia kuelekea jibu. Mwaka uliofuata Van Aert na Laporte walichomoka pamoja katika mbio hizo hizo, na Van Aert akamwachia mwenzake ushindi. Aliyemtaja mwenye nguvu zaidi alikosea tena, ingawa alikuwa amemtambua sawasawa.

Lakini wingi wa timu usimdanganye mtu. Aprili 2025, katika mbio za Dwars door Vlaanderen, timu ile ile ya Visma ilikuwa na watu 3 katika kikundi cha mbele cha watu 4: Van Aert, Matteo Jorgenson na Tiesj Benoot. Wa nne alikuwa Neilson Powless wa Marekani, peke yake. Njia ya kawaida ya kummaliza mtu mmoja ni kumshambulia kwa zamu: mmoja anachomoka, Powless analazimika kumfukuza, akimfikia mwingine anaondoka. Wao walichagua kumpeleka Van Aert hadi mita za mwisho wakiamini kasi yake, na Powless, aliyekuwa amejificha nyuma ya migongo yao, akampita. Somo ninalolichukua ni kwamba timu kubwa huongeza nafasi pale tu inapotumia watu wake kumchosha mpinzani. Kabla ya kuipa timu alama kwa wingi wake, tazama mbio zake mbili tatu za karibuni uone kama huwa inashambulia kwa zamu au huwa inamngoja nahodha mmoja.

Pingamizi la pili husikika zaidi siku hizi: katika enzi za Pogačar haya yote ni maneno, mtaje yeye umalize. Hebu tuhesabu. Katika majira ya kuchipua ya 2025, kuanzia San Remo hadi Liège, Pogačar alishiriki mbio 6 za siku moja na akapanda jukwaani katika zote 6. Ni jambo la ajabu kabisa. Alizoshinda ni 3: Flanders, Flèche Wallonne na Liège. Alizoshindwa ni San Remo, Roubaix na Amstel. Ukiziweka pembeni mwa ramani utaona kwamba alizoshinda ni zile ambazo mwinuko mkali uko mwishoni au unarudiwa hadi karibu na mwisho: Oude Kwaremont na Paterberg kule Flanders, Mur de Huy yenye mwinamo wa karibu asilimia 10 kwa kilomita 1.3, na vilima vya Liège. San Remo haikuwa na mwinuko wa kutosha kumwondoa Van der Poel wala Filippo Ganna, na katika kufyatuka akawa wa tatu. Roubaix haina milima kabisa, ina karibu kilomita 55 za mawe, na huko aliingia kona kwa kasi mno akaanguka, Van der Poel akaenda kuchukua ushindi wake wa 3 mfululizo. Amstel alichomoka mapema mno kwa njia ya namna ile. Evenepoel na Mattias Skjelmose wa Denmark wakashirikiana, wakamfikia, na Skjelmose akawashinda wote wawili. Kwa hiyo hata bora wa dunia, katika msimu wake mzuri, alishinda nusu, na nusu hiyo ilionekana kwenye ramani.

Pingamizi la tatu ni letu sisi wa nyanda za juu, na nalishughulikia kwa heshima kwa sababu linatokana na fahari ya haki. Mau Narok iko juu kuliko hoteli za mlima wa Teide, katika kisiwa cha Tenerife, ambako timu za Ulaya hupeleka watu wao mwezi wa Februari wakalale zaidi ya mita 2,000 ili damu ibebe oksijeni nyingi zaidi. Basi je, mapafu ya nyanda za juu si ndiyo ya kuangaliwa kwanza? Husaidia, lakini hayaamui. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kibaiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France mara 4, mbio za wiki 3 zenye milima mirefu, na hakuwahi kushinda hata moja ya hizi za majira ya kuchipua. Paterberg ina mita 360 tu. Inapandwa kwa muda wa dakika moja na kitu, kwa nguvu za mlipuko, baada ya saa 6 kwenye tandiko, na ni mwili wa aina nyingine unaotakiwa pale. Wakenya tunalielewa hili tukiliangalia upande wa riadha. Eliud Kipchoge, akiwa na wasukumaji kasi wa kumkinga upepo, alikimbia marathoni chini ya saa 2 kule Vienna mwaka 2019. Boston, Aprili 2023, penye vilima na pasipo wasukumaji kasi, alikuwa wa 6, na Evans Chebet akashinda. Kipchoge alikuwa bado ni yule yule bingwa. Aina ya mbio ndiyo iliyokuwa nyingine.

Kisha kuna jambo ambalo takwimu za nguvu hazilionyeshi, nalo ni mahali mtu alipo katika kundi barabara inapobana. Vilima vya Flanders ni vichochoro vya mawe. Anayeijua barabara ya udongo ya Mau Narok mwezi wa Aprili anaelewa mara moja: lori la viazi likikwama katikati, mwenye gari zuri aliye nyuma yake atasubiri kama wengine, na aliyepita dakika moja kabla amekwenda zake. Kule mtu mmoja akiweka mguu chini kwenye Koppenberg, kumi walio nyuma yake hushuka na kusukuma baiskeli. Ndiyo sababu mapambano makali huwa kilomita 2 au 3 kabla ya kilima, pale timu zinapopigania kuingia za kwanza. Ujuzi huo haupatikani kwa mazoezi ya peke yako, hata uwe na mapafu gani. Hupatikana kwa siku nyingi katika makundi ya watu 150 na zaidi. Girmay na Froome wote wawili walipitia kituo cha shirikisho la baiskeli duniani kule Aigle, Uswisi. Marehemu Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, alilielewa pengo hilo la uzoefu na alijitahidi kuliziba kupitia timu ya Amani hadi alipofariki mbioni Marekani mwaka 2022. Unapopima mgeni katika mbio hizi, uliza ni mara ngapi amezimaliza, si tu amepanda milima mingapi.

Hali ya hewa iangalie jioni ya kuamkia mbio, si mapema zaidi. Mvua huongeza anguko na huwapa nafasi wajuzi wa baiskeli. Upepo una maana kubwa zaidi, na cha kutazamwa ni unakotoka. Ukivuma kutoka ubavuni mahali pa wazi, waendeshaji hujipanga mshazari upana wa barabara kujikinga, na wasiopata nafasi katika safu ya kwanza hukatika. Hapo timu zenye watu wakubwa na wazito hupanda thamani, na mpanda milima mwembamba hushuka. Upepo ukiwapiga usoni kwenye kilomita za mwisho, anayechomoka peke yake ana kazi mara mbili, na kundi lina nafasi nzuri ya kumrudisha.

Wapo watakaosema kwamba pancha na anguko hufanya yote haya kuwa kazi bure. Bahati ipo. Mwaka 2016 Mathew Hayman wa Australia, akiwa na umri wa miaka 37 na wiki chache tu tangu avunjike mkono, alishinda Paris–Roubaix mbele ya Tom Boonen. Lakini hata hapo alikuwa amechomoka mapema na kikundi cha mbele, akakwepa vurugu za nyuma, na wakubwa walipomfikia akawa na akiba ya kuwafuata. Bahati ilimsaidia mtu aliyekuwa mahali pake. Kinachotokana na pingamizi hili ni kwamba ubashiri mzuri hauna budi kukiri kiasi cha shaka, na kiasi hicho si sawa kwa kila mbio. Kwa Liège naweza kuandika majina 3 na kulala usingizi. Kwa San Remo nikiandika chini ya 10 najidanganya, na kwa Roubaix nitatenga nafasi kwa mtu ambaye sijamwandika kabisa.

Kwa hiyo, mbio zinazofuata zikikaribia, chukua ramani ya kilomita 60 za mwisho, ambayo hutolewa bure na waandaaji. Tazama mwinuko mkali wa mwisho uko umbali gani kutoka kwenye utepe. Kutokana na hilo andika idadi ya wanaoweza kushinda kabla hujaandika jina hata moja. Kisha jaza majina kwa kutazama wiki mbili zilizopita, na usitazame nafasi waliyomaliza peke yake: aliyekuwa wa 20 baada ya kuongoza kundi kwa ajili ya nahodha wake anaweza kuwa na miguu bora kuliko wa 6 aliyejificha siku nzima. Kwa kila jina uliza kama timu yake italazimika kufukuza au itaweza kungoja. Karatasi hiyo iandike tarehe uihifadhi, kwa sababu mtu husahau alichosema na kukumbuka alichopatia tu. Na usiipeleke kwenye kampuni za kubeti. Ikiwa bora wa dunia, katika mwaka wake mzuri, alipoteza mbio 3 kati ya 6, basi hakuna karatasi ya kuiwekea karo ya mtoto wala pesa za mbolea.